Ndege ya Lilly kwenye Upepo wa Lemon Gaba

Lilly alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Nyakuron, Juba, mama wa makamo aliyejulikana kwa mambo mawili: sare za shule zisizofumuka, na maswali. Ukimpelekea suruali apunguze kiuno, atataka kujua kitambaa kimetoka wapi na kwa nini kinarudi kikifuliwa. Ndivyo alivyokuwa tangu ukimbizini Uganda, alikouza nguo na mama yake sokoni Arua na kuokota Kiswahili midomoni mwa wateja. Aliporudi Juba na mumewe Fortunato, dereva wa lori la maji, alirudi na cherehani, binti yao Susan, na maswali yake yote.

Siku moja alikwenda soko la Custom kutafuta mapazia. Ofisi fulani ya wageni ilikuwa imefungwa, na vyombo vyake vilitandazwa juu ya turubai vikiuzwa. Chini ya mapazia akakuta boksi refu. Ndani mlikuwa na mabawa mawili meupe ya povu gumu, kiwiliwili chembamba kama samaki, na rimoti yenye vijiti viwili.

"Hiyo ndege ya kuchezea, lakini mbovu," muuzaji alimwambia. "Haina injini."

Lilly akaigeuza huku na huku. Hapakuwa na tundu la injini, wala alama ya kitu kilichong'olewa.

"Si mbovu. Imetengenezwa hivihivi," alisema. "Sasa inarukaje?"

Muuzaji hakujua, na kwa sababu hakujua, Lilly aliondoka na boksi badala ya mapazia.

Moja kwa moja akaenda kwa Erifazi, Mganda aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na redio mlemle sokoni. Erifazi akatafuta video kwenye simu yake, wakainama kutazama. Watu wa ng'ambo walisimama ukingoni mwa mlima, wakasukuma ndege kama ile kwa mkono, nayo ikabaki juu. Upepo ukigonga mlima hauna pa kwenda ila kupanda, na ndege hupanda nao.

"Kama mwewe," Lilly akasema. "Wale wa pale mlimani Jebel. Wanakaa juu bila kupiga mabawa."

"Mwewe iko na akili, Mama Susan. Hii iko na betri tu, na betri yenyewe imekufa."

Betri mpya ilipatikana. Kazi ikawa kuielewesha ndege. Walipovuta kijiti kulia, usukani wa mkiani ulikwenda kushoto, mpaka Erifazi alipogundua kitufe cha kugeuza mwelekeo kwenye rimoti. Lilly hakutosheka. Alisimama nyuma ya ndege na kujaribu tena na tena, huku akisema kwa sauti, "Kulia. Kushoto. Juu. Chini," hata majirani wakachungulia.

Jioni moja Fortunato alirudi kazini akamkuta mkewe uani, ndege imekaa juu ya ncha za vidole vyake viwili, kimoja chini ya kila bawa. Pua ilikuwa inanyanyuka.

"Mkia ni mzito," Lilly alisema bila kugeuka. "Inatakiwa iiname mbele kidogo, kidogo tu. Niletee zile risasi kwenye kopo."

"Risasi?" Fortunato alishtuka.

"Za mapazia, Baba Susan! Zile ninazoshonea kwenye pindo lisipeperuke."

Fortunato akacheka mpaka akaketi. Akazileta, akawa anazipachika puani moja baada ya nyingine mpaka ndege ikatulia. Kisha akasema lililokuwa likimsumbua. "Watu wakiona kitu kinaruka, watasema ni droni."

"Basi tuombe ruhusa kwanza."

Wakaenda wote wawili kituo cha polisi cha upande wa Lemon Gaba, karibu na kilima walichotaka kurushia. Askari aliyeitwa Majur aliikagua ndege mpaka ndani ya tumbo akitafuta kamera. Alipoikosa, akasema ruhusa ipo, ila na yeye atakuwepo.

Jumapili baada ya misa, lori la maji likawapeleka Lilly, Fortunato, Erifazi na Majur mpaka nyuma ya Lemon Gaba, kwenye kilima cha mawe kinachotazama kaskazini. Ilikuwa kiangazi na upepo ulitoka huko. Lilly alifunga uzi kwenye kijiti akapanda nao polepole. Chini ya kilima uzi ulilala sawasawa. Ukingoni juu, ulisimama ukielekea mbinguni. Aliutazama sana, akarudi chini na kupanda tena kuhakikisha.

Lilly akashika rimoti, na Erifazi akarusha wa kwanza, kwa nguvu, kuelekea juu. Ndege ikanyanyuka, ikasita, ikapiga pua kwenye nyasi.

"Pole pole, fundi! Hulengi embe," Lilly akamwambia.

Fortunato akaiokota. Akaishika usawa wa bega na kuisukuma tu mbele, kama anayefungua mlango. Ndege ikazama chini ya ukingo, haikuonekana tena. Halafu ikaibuka mbele ya miguu yao, ikapita usawa wa nyuso zao, ikaendelea kupanda, kimya kabisa, ni mluzi mwembamba tu wa upepo kwenye mabawa.

"Ya salaam!" Majur akashangaa.

Ilipogeuka kuwaelekea, Lilly alivuta kulia nayo ikaenda kushoto, ikija kwenye mawe.

"Geuza mwili!" Erifazi alipiga kelele. "Angalia kule inaangalia!"

Lilly akaipa mgongo, akaitazama juu ya bega lake, na kulia kukawa kulia tena. Kuanzia hapo alikwenda nayo na kurudi mbele ya kilima, mdomo wazi. Mwewe mmoja alikuja, akaizunguka, akaona si wa ukoo wake, akaondoka.

"Sasa, mama, inashukaje?" Majur aliuliza.

Katika maswali yote, hilo hakuna aliyeliuliza. Lilly aliinamisha pua, ndege ikakimbia kwa kasi, kisha ikapanda juu zaidi. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Ndipo alipoukumbuka uzi ulivyolala chini ya kilima. Huko hakuna kinachoinyanyua. Akaielekeza mbali, juu ya mashamba tambarare, nayo ikaanza kushuka taratibu mpaka ikateleza kwenye mabua ya mtama.

Waliikuta ncha ya bawa imepasuka. Fortunato aliipuliza vumbi na kuibeba mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Tangu hapo Lilly hurusha kila Jumapili upepo unapokubali, na Majur huja hata asipokuwa zamu. Bawa lilibandikwa gundi na utepe. Siku hizi anatengeneza nyingine, kubwa zaidi, kwa povu la kufungia friji ambalo Fortunato humwokotea mjini. Haijaruka bado. Anataka kujua kwanza kama bawa likiwa refu, ndege itaridhika na upepo mdogo.