Maharagi ya Nyumba Isiyokula Samaki

Kalemie, pale kando ya ziwa, kuishi bila samaki ni kazi. Miaka ile ya Zaire ndagala, dagaa wa kwetu, zilianikwa kila penye jua, na harufu ya samaki aina ya mikebuka wa kukaanga iliingia dirishani bila kupiga hodi. Mama na mimi, watu wawili tu nyumbani, tulikaa katikati ya harufu hiyo miaka minne bila kutia samaki mdomoni. Majirani wapya walidhani tumeingia dini ya ajabu.

Baba alikuwa amekwenda Zongwe kuchukua mizigo kwa mtumbwi wa injini, na mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili walipatikana, yeye hapana. Kwa watu wa upande wa baba, nyumba ambayo mtu wake amebaki majini haili samaki wa ziwa, kwa kuwa hakuna ajuaye samaki huyo amekula nini. Mwiko huo huisha kwa njia mbili tu: maiti ionekane, au ndugu wazike shina la mgomba lililovikwa nguo za marehemu, kisha wapike samaki na kula pamoja, mjane akitangulia. Papa mdogo, mdogo wake baba, alikuja mara tatu kuomba tuzike shina. Mara zote Mama alimjibu vilevile.

"Mugomba haiko mume yangu. Siku akirudi, nitamwambia nini? Kama tulizika mugomba?"

Alikuwa anamngoja. Hakusema hivyo hata siku moja, lakini kila Jumamosi alitia makaa kwenye pasi, akainyoosha abakosi ya baba, lile koti la heshima la wanaume wa wakati ule, kisha akaitundika tena kwenye msumari wake. Mimi nilikuwa natoka nje. Kuna mambo mtoto hapaswi kuyatazama kila wiki.

Mwiko wenyewe haukunisumbua mpaka nilipoanza kucheza mpira wa mikono. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye mkono mzito, na mwalimu wetu wa mazoezi alinipenda kwa mkono huo. Tulifanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa parokia: kukimbia kupanda mlima, kuruka, kurusha, kukimbia tena. Kipindi cha kwanza nilikuwa moto. Kipindi cha pili miguu ilinikataa, na usiku mapaja yaliniuma hadi nikalia. Chakula changu kilikuwa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, siku nenda rudi.

Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe. Alimwambia Mama kwamba timu ya kwenda Lubumbashi itachaguliwa karibuni, na kwamba mwili unaofanya mazoezi namna ile unajibomoa kila siku na kutaka kitu cha kujijengea. "Mama, mupatie samaki. Bila samaki, nitamuacha hapa."

Mama alikasirika, na Mama akikasirika hufanya kazi. Kesho yake alikwenda kwa masera, watawa waliokuwa na kituo cha kuwalisha watoto waliokonda. Alirudi na kilo mbili za soya na neno jipya, protini, ambalo alilitamka polepole ili lisimponyoke. Masera walikuwa wamemweleza kwamba maharagi peke yake yana upungufu wake, na bukari ya mahindi ina wake, lakini vikiliwa pamoja kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Walimwambia pia kwamba kijiko kimoja juu ya bukari hakitoshi kwa mtu anayekimbia. Lazima yawe mengi, na yawe kila siku.

Basi yakawa mengi. Asubuhi uji wa soya aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe kwenye kinu. Adhuhuri maharagi, sahani ya mtu mzima. Kabla ya mazoezi, karanga za kuchemsha kwenye kitambaa. Jioni sombe iliyotwangiwa karanga mpaka ikawa nzito. Alisimama mbele yangu mpaka nimalize. Wenzangu waliniita Mama Maharagi, wakaziba pua nikipita, na mimi nikacheka nao huku nimechukia. Lakini baada ya miezi michache kipindi cha pili kilikuwa changu. Nilikuwa na mapaja. Mwalimu aliacha kutaja samaki, na Mama, nilipomsimulia, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Kisha treni ikakoma. Maharagi na karanga zetu zilitoka upande wa Nyunzu kwa reli, na reli ilikuwa imeharibika mahali fulani. Kila mtu alitaja mahali pake. Wiki ya kwanza tulikula akiba. Ya pili tulikwangua chini ya gunia. Soya ya masera ilibaki kwa watoto wagonjwa, na hiyo ni haki. Maharagi yalikuwepo bandarini, mazuri kabisa, ya milima ya Moba, lakini yalikuja kwa boti, na Mama hakuwa amekanyaga ufuko tangu siku ya mtumbwi. Alizunguka mji mzima kwa barabara za juu asilione ziwa. Sikuthubutu kumwomba.

Siku moja kabla ya kuchagua timu, nilianguka mazoezini. Sikujikwaa, miguu iliisha tu. Mwalimu alinipeleka kwake, na mke wake akaniwekea bukari na mkebuka mzima wa kukaanga, na pilipili. "Kula, mama, hakuna mutu anaona," aliniambia kwa upole.

Nilikula. Ningependa kuandika kwamba chakula kilinikwama kooni, lakini nitakuwa nasema uongo. Nilikula mpaka kichwa, nikanyonya mifupa. Kisha nikanawa kwa sabuni, nikanawa kwa limau, nikasugua meno kwa majivu, nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa ameketi uani akichagua maharagi. Yalijaa ungo, mekundu, makubwa, ya Moba. Upindo wa kikwembe chake ulikuwa umelowa hadi magotini na mchanga umeshika. Boti haikuweza kusogea, aliniambia, ilibidi wanunuzi waingie majini.

"Niliingia," akasema. "Kesho utacheza."

Nilikaa chini nikachagua naye. Maharagi yalipoiva alinijazia sahani, akasimama mbele yangu kama kawaida yake. Nilimeza vijiko vitatu. Cha nne sikukiweza. Akainama kuchukua sahani, uso wake ukapita karibu na wangu, akanusa.

"Mutoto wangu, umekula samaki."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa tamu?"

Nilitamani anipige. "Ilikuwa tamu, Mama."

Akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akaiweka kando. Hakunikemea siku ile wala siku nyingine yoyote.

Kesho yake nilicheza vipindi vyote viwili na nikachaguliwa. Mwalimu alimtangazia kila mtu kwamba ni samaki. Leo najua mlo mmoja haujengi paja. Miguu ile ilijengwa na miezi ya soya na maharagi, na samaki yule nilimla kwa njaa ya siku moja. Nilijua hivyo hata wakati ule, na nilinyamaza.

Jumatatu yake Mama alimwita Papa mdogo. Alhamisi tulizika shina la mgomba. Mama mwenyewe alilivisha abakosi, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Nilimwambia sitakula samaki tena maisha yangu yote, arudishe koti kwenye msumari. Alinijibu bila kuniangalia kwamba mtoto hawezi kukaa na mwiko uliovunjika juu ya kichwa chake, na kwamba kama mmoja wetu lazima aache kitu, ataacha yeye. Sufuria ya samaki ilipoletwa, alikula wa kwanza. Alitafuna muda mrefu sana.

Timu yetu ilikuwa inasafiri Jumapili, kwani treni ilikuwa imerudi. Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama amesimama na pasi mkononi, makaa yamewaka, akiutazama msumari mtupu. Nilitaka kutoka nje kama zamani, nikashindwa. Baadaye aliuliza fulana yangu ya mpira iko wapi. Nilimpa, akaitandika mezani, akainyoosha polepole, mikono, mgongo, hata shingo, kisha akaitundika pale msumarini.