Wimbo Usiotumwa na Mtu

Mwamvua alikuwa mpiga muziki wa shughuli za wanawake. Hapa Tanga kazi hiyo inamhitaji mwanamke, kwa sababu shughuli ikishaanza uani, mabaibui yakavuliwa na vichwa vikaachwa wazi, hakuna mwanamume anayeruhusiwa kupita, hata kwa kisingizio cha kuunga waya. Aliianza pale mumewe Uweso alipopunguzwa kiwandani. Nyumba yao ya Ngamiani ilikuwa na redio kaseti kubwa na spika mbili, na Mwamvua hakupenda kuona kitu kimekaa bure wakati watu wamekaa bure pia.

Siku hizo kanda mpya ilikuwa adimu kama sabuni. Mwamvua alirekodi alichokipata: redioni, kwa majirani, kwenye harusi za watu. Kilichopatikana kwa wingi kilikuwa sauti ya mwimbaji mmoja wa taarabu ambaye wanawake wa mtaani walimwita Mama Pilipili, mwenye sauti nene na maneno yasiyobakisha mtu. Kanda yake ikichakaa, Mwamvua aliinakili kwenye nyingine. Nakala ikianza kukwaruza, aliinakili tena. Hivyo ndivyo watu walivyoishi wakati ule. Ulitunza ulichonacho hata kikakujazia nyumba nzima.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, na pamoja na sabuni zikaja santuri ndogo zinazong'aa. Dada wawili wa Chumbageni wakaanza kukodisha muziki wao mpya, na wanawake wakaanza kunong'ona.

"Mwamvua, kanda zako tunazijua kama njia ya sokoni," walimwambia. "Huu ukiisha tunajua unafuata upi, na unakwaruza wapi."

Alicheka nao, lakini shughuli zilipungua, na ugali wa nyumba ile ulitoka kwenye zile spika.

Aliyempa moyo ni mpangaji wake Benedikta, binti wa Kibondei kutoka Muheza, aliyefundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha mjini. Chuo kilipobadilisha mashine zake, Benedikta aliletewa nyumbani moja ya zile kuukuu. Jioni baada ya jioni walikaa sebuleni wakizipiga kanda zote upande huu na upande ule, nayo mashine ikizimeza nyimbo zake. Mwishowe Benedikta akamwonyesha kitufe.

"Ukibonyeza hapa, dada, inachanganya yenyewe. Hakuna atakayejua unafuata upi. Hata wewe hujui."

Mwamvua alikipenda kitufe kile kuliko kompyuta yenyewe.

Shughuli ya kwanza aliyokwenda nayo ilikuwa ya shoga yake Nasima, aliyekuwa akimwoza bintiye Sabra kwa kijana wa Kigombe. Alasiri ile wakwe walikuja kwa lori zima, wakiongozwa na mama wa bwana harusi, Bi Rahila, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho ya kuhesabu makosa.

"Leo hawatajua wanapigiwa nini," Mwamvua alimwambia Nasima.

"Shoga, ukiniaibisha mbele ya wakwe zangu, nitawaita wale wa Chumbageni hata kwenye arobaini yako."

"Arobaini haipigwi muziki."

"Yako itapigwa."

Sasa, wimbo kwenye shughuli za wanawake huwa na mwenyewe. Mtu hunyanyuka, akamnong'oneza mpiga muziki, na wimbo ukianza yeye ndiye wa kwanza kusimama. Hucheza akielekea kwa yule anayemkusudia. Kama wimbo ni wa sifa, humtuza. Kama ni wa kijembe, hukifikisha kwa mabega na jicho la pembeni, na mwenye kuupokea huagiza wa kwake wa kujibu. Watu wamegombana hivyo na wakapatana hivyo, bila ya kutoleana neno. Mwamvua alilijua hilo toka utotoni. Lakini siku ile, kwa furaha ya kitufe chake, lilimtoka akilini.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Mombasa, mtulivu. Wa pili ulikuwa wa Mama Pilipili, ule wa mama anayemng'ang'ania mwanawe aliyekwishaota ndevu. Wanawake wa mjini wakapiga vigelegele. Wa Kigombe wakatazama huku na huku kuona nani kasimama. Hakusimama mtu.

Wa tatu, Mama Pilipili tena: mgeni alaye kwa pupa kuliko mwenyeji. Wa nne, Mama Pilipili: cheo cha kujipachika. Wa tano ukarudi ule ule wa mama na ndevu za mwanawe, kutoka nakala nyingine, ukikwaruza mahali pengine.

Bi Rahila aliiweka chini sahani yake ya visheti, akaenda mpaka penye mashine.

"Shikamoo, Bi Rahila," alisema Benedikta, aliyekaa kando ya Mwamvua.

"Marahaba. Nani kautuma huu?"

"Hakuna aliyeutuma, Bi mkubwa," Mwamvua alijibu. "Imeuchagua kompyuta."

"Kompyuta."

"Ndiyo. Inachanganya yenyewe."

"Na kompyuta ina ugomvi gani na mimi? Imenijulia wapi?"

Nyuma yake mmoja wa wanawake wa Kigombe akadakia, "Ya mjini hiyo, Bi Rahila. Imefundwa!"

Uani kukacheka, lakini Bi Rahila hakucheka. "Mtu akinipiga kijembe akasimama, namwona, tunamalizana. Huyu aliyejificha nyuma ya bati, nitamjibu vipi?" Akamgeukia Nasima. "Mkwe wangu, tukishaswali tutaaga. Mwanangu ameoa, alhamdulillahi. Si lazima na mimi nitukanwe."

Wakwe wakiondoka kabla ya pilau, habari ingefika Pangani kabla ya lori lao kufika Kigombe. Nani tena angemwita Mwamvua?

Adhana ikasikika. Muziki ukazimwa, wanawake wakaenda kutawadha. Mwamvua aliinama mbele ya mashine kama mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Umesema inachanganya, Benedikta. Mbona imemng'ang'ania mmoja?"

"Inachanganya kweli. Inatia mkono ndani ya gunia bila kutazama. Gunia lako lina mahindi matupu na kunde za kuhesabu. Itatoka na nini?"

Mwamvua aliziona akilini zile kanda zote alizozinakili kwa woga wa kupoteza. Hakuwa na nyimbo nyingi. Alikuwa na wimbo mmoja mara nyingi.

"Basi lisiwe gunia moja," alisema. "Nigawie vikapu."

Benedikta akafungua folda mpya, moja baada ya nyingine. Majina hayakuwasaidia, maana kila wimbo ulikuwa umeandikwa namba ya kanda tu. Mwamvua akavaa spika za masikioni, akawa anasikiliza mwanzo wa kila mmoja na kusema: "Mombasa. Unguja. Bendi. Kasida. Pilipili. Pilipili. Huyo Pilipili tena, mtupe kule." Mama Pilipili na nakala zake zote wakaingia kikapu kimoja, sawa na wengine. Vingine vilikuwa na nyimbo chache tu, na cha mwisho, cha ngoma za mashamba, kidogo kuliko vyote. Muda haukutosha kumaliza, wakaacha zilizobaki.

"Kikapu nachagua mimi, kwa zamu," Mwamvua alisema. "Ndani ya kikapu na ichague yenyewe. Na kila ulioimbwa utoe, uweke mbali, usirudi."

"Na wakiuliza nani katuma?"

"Mimi. Nitasimama."

Wanawake walipotoka kuswali, wengi wa Kigombe walikuwa na mabaibui yao tayari. Mwamvua akapiga kasida, akasimama mwenyewe katikati ya uwanja, akiinama kwa wageni. Kisha Unguja. Kisha bendi, na mabibi wawili wazee wakashikana viuno kama wasichana. Bi Rahila alikuwa mlangoni, akifunga ushungi.

Ikaja zamu ya kikapu cha mwisho. Spika zikatoa kwanza sauti ya mvua juu ya bati, kisha ngoma, kisha makofi ya wanawake, na kigelegele kirefu kilichopanda, kikakatika, kikapanda tena.

Bi Rahila aliacha kufunga ushungi.

"Hicho kigelegele ni cha Tabia," alisema. "Dada yangu. Umekitoa wapi?"

Mwamvua alihitaji muda kukumbuka. Alikuwa bado mwali mpya, amekwenda kwenye harusi ya jamaa zao Kigombe, mvua imewafungia ndani, naye na redio yake mapajani. Kanda ile hakuwahi kuipiga kwenye shughuli yoyote. Ilikuwa chini ya zote.

"Kwenu, Bi Rahila. Nilikuwa pale pale."

"Tabia amekufa mwaka wa ngapi huu, na mimi sina hata picha yake."

Mvua ile ya zamani iliendelea kunyesha ndani ya spika. Kisha Bi Rahila akavua baibui, akampa mtu wa karibu bila kumtazama, akaingia uwanjani. Wa Kigombe wote wakamfuata, wakilifuatisha pigo wanalolijua, na mkono wake mrefu ukamvuta Nasima katikati.

Mwamvua hakuthubutu kukigusa kitufe.

Pilau ililiwa na wakwe wote. Walipokuwa wanapanda lori, Bi Rahila alimwita Mwamvua pembeni.

"Mfungo tano namwoza mwanangu Maulid, mdogo wake huyu bwana harusi. Utakuja na hilo dude lako?"

"Nitakuja, Bi mkubwa. Inshallah."

"Uje mapema, siku moja kabla. Mabibi waliobaki pale Kigombe wana ngoma zao, na tangu siku ile hakuna aliyewarekodi. Kile kikapu chako kina njaa."

"Wataimba mbele ya mashine?"

"Weye waletee vipaza sauti," alisema Bi Rahila akijivuta juu ya lori. "Kunyamaza ndiko watakakoshindwa."