Riwaya Asiyoipenda Karani wa Vyeti vya Vifo

Karani wa vyeti vya vifo hapendi riwaya za upelelezi za mbio mbio, na kila aliyewahi kupanga foleni dirishani kwake analijua hilo. "Mwandishi hapumziki, msomaji apumzike wapi?" husema, kidole kikiwa kimeshikilia ukurasa wa mojawapo. Vitabu vizito alivyonunua mwezi huu, vitatu, busara tupu, vimeinua kompyuta yake vizuri sana. Hupokea jina la marehemu bila kupepesa macho, hugonga muhuri, hurudi kwenye hiyo takataka ya riwaya.

Leo mjane mmoja alimkuta machozi yanamdondoka.

"Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Mpelelezi, mama. Wamemuua ukurasa wa mia mbili."

Mjane akampa leso yake, iliyokuwa bado mbichi, kisha akasogeza karatasi za mumewe.