Nilimdanganya Baba Mechi Nzima

Jamani, nisikilizeni kwanza kabla hamjanitukana, maana matusi nayastahili. Nimemkosea baba yangu mzazi, na kisa chenyewe ni simu!

Baba haoni. Presha ya macho ilimmaliza taratibu, na huu ni mwaka wa sita. Alikuwa fundi cherehani hapa hapa Kariakoo, na mpira ndiyo starehe yake pekee. Macho yalipozima, macho yake nikawa mimi. Kila mechi ya timu yetu tunakaa sebuleni, ananiambia, "Punguza sauti ya huyo wa kwenye TV, anaongea na wenye macho. Niambie wewe."

Na nilikuwa najua kusimulia, sijisifu! Beki akiteleza, namwambia kadondoka kama gunia la mkaa. Winga akipiga chenga, namwambia kawapita kama machinga anayewakwepa mgambo. Baba anacheka mpaka kofia inamdondoka. Kesho yake anaenda kijiwe cha kahawa, anaisimulia mechi nzima kwa maneno yangu. Wenzake walikuwa wakisema mzee huyu anaona kuliko wao. Heshima hiyo ndiyo iliyombakia mtaani.

Mimi sasa nikajifanya mjanja. Siku hizi nyumba nzima kila mtu na simu yake, TV imebaki pambo. Jumapili ile, saa kumi jioni, nikakaa na baba kama kawaida, lakini sikio moja nimechomeka waya, macho yangu yapo kwenye mechi ya Ulaya kiganjani. Ya timu yetu nikawa naitunga tu.

"Mbona kimya, baba?" akaniuliza.

"Mpira umepoa, baba. Uji wa mgonjwa huu!"

Akacheka. Yaani alicheka, na mimi hata sikumtazama!

Kipindi cha pili mtaa ukalipuka kwa kelele. Nikainua macho, nikaona kipa wetu kalala, kaukumbatia mpira. Penalti imedakwa.

"Kadaka! Kauopoa kama andazi kwenye mafuta!"

"Nani? Mkongwe wetu?"

"Nani mwingine!"

Baba akanyoosha mikono juu, akamshukuru Mungu. Anampenda sana kipa yule mkongwe.

Kesho yake nikatoka dukani mtaa wa Gerezani, ninakouza spea za magari, nikampitia kijiweni nimrudishe nyumbani. Kabla sijafika nikasikia vicheko. Baba alikuwa amesimama, mikono hewani, anaonyesha jinsi mkongwe alivyouopoa mpira.

"Mzee wangu, ulitazama mechi gani wewe?" mmoja akamkata. "Mkongwe alitolewa kwa machela kipindi cha kwanza! Aliyedaka ni yule kipa wa akiba!"

"Mzee siku hizi anaota," mwingine akadakia.

Nilisimama pale, jamani! Neno moja tu lingetosha: mimi ndiye niliyemdanganya. Sikulisema. Baba alikuwa ameshaisikia hatua yangu, akashusha mikono, akawaambia, "Nimechanganya mimi. Uzee huu."

Akanifichia aibu! Mbele ya wenzake wa miaka yote! Nyumbani nikamwomba radhi, akasema yameisha. Lakini mechi iliyofuata akaniambia kwa upole, "Ongeza sauti, baba. Acha huyo wa kwenye TV aongee." Na kijiweni haendi tena, anasema miguu inamuuma. Najua si miguu.

Najichukia, wallahi.

Nyie mnaokaa na wazazi huku akili iko kiganjani, iacheni hiyo simu chumbani. Ukishindwa, sema umeshindwa, usimtungie mtu asiyeweza kuhakikisha.

Juzi timu yetu ilifunga. Simu nilikuwa nimeizima, macho yangu yote kwenye TV. Nikaruka, "Goli, baba! Goli!" Akatulia kwenye kiti. Alisubiri kwanza yule wa kwenye TV na majirani wapige kelele, ndipo akanyoosha mikono.