Namba Mpya ya Kulipia

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ploti fulani, jengo la nyumba za kupanga mtaani Tassia, mkononi nina mfuko wa mandazi ambayo si yangu, sijui nibishe mlango au nirudi nyumbani. Mdogo wangu, sijafika umri wa kukuita mwanangu, lakini juzi umepata barua ya kazi na tayari unaniuliza kama kuna ubaya kufanya kazi ileile kando, kwa faida yako. Ngoja nikueleze habari ya yale mandazi. Jibu lenyewe bado linanisumbua.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikaajiriwa na Mama Nekesa. Alikuwa na kampuni ndogo ya kusambaza intaneti kwenye nyumba za kupanga: antena juu ya paa, nyaya zinashuka ghorofa hadi ghorofa, kila nyumba na kifaa chake ukutani. Wiki ya kwanza hakunipa koleo wala waya. Alinitembeza mlango kwa mlango. "Huyu anaitwa Brenda, ni kama binti yangu. Akija mfungulieni, hata kama ni yeye peke yake." Tassia watu hawafungui ovyo. Mimi niliona anapoteza muda.

Baada ya mwaka nilikuwa nimechoka. Aliyepanda juu ya paa ni mimi, aliyepigiwa simu Jumapili mtandao ukizima ni mimi, na mshahara ni uleule. Nikaanza kujiuliza. Ujuzi ni wangu. Jumapili ni yangu. Barua ya kazi haisemi lolote kuhusu Jumapili. Basi kosa liko wapi? Nikanunua laini ya intaneti kwa msambazaji mwingine, nikafunga antena yangu kwenye paa la ploti jirani, nikawa nahamisha wateja wa Mama Nekesa kuja kwangu, nyumba mojamoja. Nilibisha, nikaingia, nikabadilisha kifaa, halafu nikasema, "Kuanzia leo namba ya kulipia ni hii." Hakuna neno la uongo hapo. Niliipima sana ile sentensi kabla ya kuitumia.

Zilipofika nyumba tisa nilikuwa natembea kifua mbele. Niliamini wamenichagua.

Mama Nekesa aliona tu watu wanapungua. Hakunishuku hata kidogo. Aliniita ofisini kwake, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, akanisukumia mfuko wa mandazi aliyopika mwenyewe.

"Kuna mahali tumewakosea wale watu na wanaona haya kuniambia," alisema. "Ikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi nafunga Tassia, nirudi Bungoma nikalime. Nenda wewe, wanakupenda. Niombee msamaha, na uwaulize tulikosea wapi."

Sasa niambie, mtu afanye nini hapo? Mimi niliyabeba yale mandazi. Hadi leo sijui kwa nini sikusema palepale. Labda nilitaka kuwasikia wateja wakisema kwa midomo yao kwamba mimi ni bora kuliko yeye.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Hamdi, mama wa Kisomali anayelea wajukuu wanne na kuzungumza na watoto wake walio ng'ambo kwa simu kila siku. Nilimwambia nimetumwa na Mama Nekesa, anaomba msamaha.

"Msamaha wa nini?"

"Kwa vile mlimwacha."

"Nani amemwacha?" Aligeuka akakitazama kile kifaa changu ukutani. "Si ulikuja wewe mwenyewe ukabadilisha? Mimi nikasema, Mama Nekesa ametuletea mashine mpya, Mungu ambariki. Wewe si mtu wake?"

Nikauhamisha mfuko wa mandazi mkono wa pili.

"Ama siku hizi wewe ni mtu wa nani?"

Nilikuwa na hoja nyingi, mdogo wangu. Ya ujuzi, ya Jumapili, ya barua ya kazi. Hakuna hata moja iliyolijibu swali la yule mama. Kumbe hakuna aliyenichagua. Walikuwa wanamfungulia Mama Nekesa, halafu naingia mimi.

Sikubisha mlango wa pili. Nilirudi ofisini na ule mfuko nikamweleza Mama Nekesa yote nikiwa nimesimama. Nilingoja matusi. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Kwa hivyo intaneti yetu haikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya, Mama."

Akashusha pumzi. Hasira ilikuja baadaye, nayo ilikuja kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nilitoka kwa mtu na wateja wake," alisema. "Lakini nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia, leo ndiyo siku yangu ya mwisho, na kesho nitawapigia. Alinitukana, lakini alijua. Wewe ulikuwa unakunywa chai yangu hapa. Weka ufunguo wa paa mezani. Kisha uende kwa hizo nyumba tisa uwaambie wewe ni nani. Atakayekufuata akijua, ni wako. Sitamlilia."

Ilinichukua siku mbili. Nyumba saba zilirudi kwake, na Tassia haikufungwa. Mbili zilibaki nami. Mwenye moja aliniambia hajali waya ni wa nani, bora mpira usikwame akiutazama kwenye simu. Mama Hamdi alirudi kwa Mama Nekesa, ila alinipa chai kwanza.

Yapo ambayo sijayaelewa. Kama naye aliondoka na wateja wa mtu, je, tofauti yetu ni ile dakika moja mbele ya meza? Na mshahara mdogo nao, haukuwa kosa? Nani alianza kumkosea mwenzake? Usinidai majibu hayo, kwa kuwa sina.

Ninachokushauri ni hiki. Kama kazi yako ya kando huwezi kuitaja mbele ya anayekulipa, usiianze ukiwa bado kwake. Mshahara ukiwa mdogo, mwambie. Akikataa, aga uende. Na siku utakayojikuta unapima maneno ili tu yasiwe uongo, simama hapohapo, maana tayari unajua.

Mungu aibariki kazi yako, na ukitaka mbili akupe mbili, zote uweze kuzitaja kwa sauti. Na popote utakapobisha, wajue ni nani wanayemfungulia.