Nyuzi za Redempta

Wifi yangu Redempta amewapikia mapadri hapa Mollo miaka thelathini na mmoja. Mtu asimwite "mpishi tu" mbele yangu, tutagombana.

Padri mmoja mzee, aliyewahi kuishi Algeria kwa Waberiberi, alipenda kukaa jikoni akimenya karanga. Siku moja akamwambia Redempta kwamba kule mwanamume ni argaz, lakini ukisema "amekuja mwanamume", jina likifuata kitendo, linakuwa wurgaz. Mbele ya neno panabadilika. Redempta akaachia mwiko sufuriani.

"Ebo! Na majina yetu ya Kifipa yana vipande vyake vya mbele! Nani amekaa akaviandika?"

Akaviandika yeye. Wanawake wakipeta ulezi, yuko nao na daftari. Kila jina aliloandika, alipitisha uzi kwa sindano pale mbele: mwekundu, mweusi, wa kijani, kadiri kipande hicho cha mbele kilivyotamkwa. Miaka kumi na tisa, madaftari saba. Watu walimcheka. Hata mimi nilimcheka, na leo naona aibu.

Mwaka jana kamati iliyokuwa ikiandaa kamusi ya Kifipa ikamwita mjini Sumbawanga na madaftari yake. Nikamsindikiza. Katibu wao, Eustaki, kijana msomi, akatuamkia vizuri, shikamoo zetu zote mbili. Kisha akatusomea jalada la kamusi: waandishi wanne, wote wanaume wa kamati.

"Mama, wewe tutakushukuru ukurasa wa mwisho."

Nikainuka kwa hasira. Redempta wala.

"Mwanangu, kwetu aliyepika pombe ndiye huonja wa kwanza mbele ya wageni. Haya madaftari nimepika mimi. Jina langu mbele, au hamyapati."

"Lakini mama, wewe hujasoma."

"Nimeishia la saba. Haya, wewe uliyesoma, nisomee."

Akamsukumia daftari. Eustaki akafunua, akapapasa nyuzi, akafunua tena. Wenzake wakainama kutazama. Hakuna hata mmoja aliyejua uzi upi unasema nini. Jamani, nilifurahi!

Redempta akayafunga yote saba kwenye kitenge, akajitwisha.

"Twende, wifi. Maharage ya mapadri hayajiungi yenyewe."

Siku ya tatu Eustaki akaja jikoni na jalada jipya. Jina la Redempta lilikuwa juu kabisa. Redempta akalisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata herufi. Kisha akanawa mikono, akamsogezea Eustaki kigoda.

"Kaa. Tunaanza na uzi mwekundu."