Kura Mbili za Kwa Boke

Ndiyo mia mbili na kumi na mbili. Hapana mia mbili na kumi na moja. Kura moja, jamani! Afadhali wangepishana kwa mia, aliyeshindwa angenuna, angetukana kidogo, angeenda zake nyumbani kula. Lakini kura moja inawatia watu wazimu, maana kila aliyeshindwa anaamini kwamba akitafuta vizuri ataikuta mahali ilipokosewa. Ndiyo maana siku ile, ndani ya ghala la zamani la pamba la kijiji cha Nyansagati, mtendaji alipomaliza kusoma hesabu hakuna mtu aliyetoka mstarini.

Walikuwa wamepanga mistari miwili. Waliosema ndiyo walisimama upande wa mzani mbovu, waliosema hapana upande wa mlango. Kilichowagawa ni lambo. Nyansagati iko kati ya Butiama na Nyamuswa, na tangu lambo lile lichimbwe watu na ng'ombe wanakunywa humo humo. Wakaja watu wa mradi wa maji na gari lao jeupe, wakasema watajenga uzio, wataweka pampu, watavuta mabomba hadi kila kitongoji, ila ng'ombe watoke. Na ng'ombe wakitoka waende wapi? Mtoni, mwendo wa saa mbili na zaidi, kiangazi, na ndama nyuma. Wafugaji si wajinga, walijua ni ndama wangapi wasingefika. Basi watu wa mradi wakaona wasijiingize kwenye ugomvi wa wenyeji. Pigeni kura, walisema, kila kaya kura moja. Ndiyo zikizidi nusu tunajenga, zisipozidi tunakwenda kijiji kingine.

Boke alikuwa kwenye mstari wa ndiyo, tena mbele kabisa. Umri wake ulikuwa miaka sitini na minne, magoti yake yameshaanza ubishi, na mwaka uliotangulia alikuwa amebeba maji wiki tatu mfululizo wakati Ghati amelazwa Musoma kwa taifodi. Alikuwa ameyachota yale maji asubuhi huku ng'ombe wa shemeji yake wakikojoa humo mbele ya macho yake. Kwa hiyo hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Sasa huyu Ghati ni nani? Hapo ndipo penye shughuli.

Boke alizaliwa Tarime, akaolewa huku na Wanzagi akiwa binti wa miaka kumi na minane. Akazaa mabinti watatu, wote wameshaolewa, wa kwanza, Grace, yuko Kitaji pale Musoma mjini, wawili Bunda. Mtoto wa kiume hakupata. Wanzagi alipofariki, mdogo wake, Mugeta, aliita kikao cha ukoo. Wakakaa uani kwa Boke, wakajadili shamba la Boke, na Boke mwenyewe alikuwa jikoni anawasongea ugali. Habari kwamba shamba limeamuliwa kuwa la Mugeta siku Boke akifa, kwa kuwa nyumba haina mrithi, aliisikia akiwa anawamiminia maji ya kunawa. Hakuna aliyemwambia yeye, walikuwa wanaambiana wao kwa wao.

Hakulia. Kesho yake alikwenda Musoma mwaloni, kwa wavuvi, kuchukua dagaa. Akauza dagaa gulio la Butiama, akauza gulio la Nyamuswa, miaka saba, mvua na jua, mpaka harufu ya dagaa ikahamia kwenye nywele zake. Kila akipata, ananunua ng'ombe. Walipofika wanane aliwaswaga mpaka kwa wazazi wa Ghati, akaposa, akapewa. Ndiyo, akaoa. Kwa watu wa huku hilo si jambo la kushangaa, linaitwa nyumba ntobhu: mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaoa mke azae na mwanamume wa nje, na watoto wa mke yule ni warithi wa nyumba yake. Ghati alikuwa na miaka ishirini. Akazaa watoto watatu, wote wanaitwa kwa jina la Wanzagi, na yeye mwenyewe Ghati anamwita Boke mama.

Mugeta alikuja kwenye harusi ile, akala nyama, akafuta mdomo, akasema hiyo si nyumba. Miaka kumi na miwili amesema hivyo. Amesema hivyo baraza la kata, amesema hivyo kwenye misiba ya watu, amesema hivyo hata kwa watoto wenyewe wakiwa wanatoka shule. Hapo hakuna nyumba ya kaka yangu, anasemaga, kuna wanawake wawili wanaolea watoto wa njiani. Mzee wa ovyo kabisa yule, na ninasema nikijua ana wajukuu watakaosikia.

Ila kosa la siku ile halikuwa lake. Lilikuwa la Gody, mtendaji wa kijiji, kijana mpole aliyehamishiwa hapo mwaka mmoja tu uliopita. Alipokuwa anapita kuandika kaya, aliingia uani kwa Boke akakuta nyumba mbili, majiko mawili. Akaandika kaya mbili. Angejuaje, na kwao hakuna mambo hayo? Siku ya kura akaita, "Boke!" Boke akatembea hadi kwenye mzani. Akaita majina mengine kadhaa, wote wakaenda upande wa mlango, kisha akaita, "Ghati!" Na Ghati akainuka nyuma kabisa kwenye magunia, akafunga khanga vizuri, akavuka sakafu yote ile peke yake watu wakimtazama, akasimama hatua mbili nyuma ya Boke.

Boke alishtuka. Alijua kabisa kwamba wao ni kaya moja. Akanyamaza. Tuseme tu ukweli, alinyamaza kwa sababu alitaka maji.

Hesabu ilipokwisha kusomwa, Mugeta aliliomba daftari. Akalishika mbali na macho, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa huku ghala zima likimsubiri, mpaka kidole kikasimama.

"Mwenyekiti," akasema, "hapa kuna nyumba imepiga kura mbili."

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya marehemu kaka yangu, Wanzagi. Shemeji yangu Boke yuko pale. Na yule nyuma yake, Ghati, ni mke wa nyumba hiyo hiyo. Nani hapa hajui? Ng'ombe nane zilitoka, nilizihesabu kwa macho yangu! Nyama tulikula. Hiyo ni nyumba moja, na kura yake ni moja."

Mtu mmoja akacheka, halafu ghala zima likacheka, pande zote mbili. "Leo ndiyo umeijua, Mugeta!" mama mmoja akapaza sauti. "Miaka yote ulikuwa kipofu?" Lakini Mugeta hakutikisika. Kura moja ikitoka, zinabaki mia mbili na kumi na moja kila upande. Ndiyo haijazidi nusu. Ng'ombe wanabaki lamboni.

Boke hakucheka. Alishika mzani. Maneno yale aliyatafuta miaka kumi na miwili. Aliyatafuta barazani kwa nauli na mashahidi, aliyaomba kwa Mungu, alishakata tamaa, akijua atakufa bila kuyasikia, na sasa yanatoka kwa hiari kwenye kinywa cha mtu yule yule, mbele ya kijiji kizima.

Aliyesimama kujibu alikuwa Apolinary, katekista, kiongozi wa upande wa ndiyo. Mtu mwema, lakini ndiye aliyemwondoa Boke kwenye komunyo mwezi ule ule alipomleta Ghati.

"Mwenyekiti, mwanamke haoi mwanamke," akasema. "Kanisa halijui kitu hicho, na serikali haina cheti cha kitu hicho. Hawa ni wanawake wawili, kila mmoja ana mlango wake na jiko lake. Kaya mbili, kura mbili, na matokeo yameshatangazwa. Tusibabaishwe."

Upande wa mzani ukapiga makofi. Ndugu zangu, mnaliona balaa hilo? Adui wa Boke anaitetea nyumba yake, na wenzake wanampigia makofi anayeibomoa.

Matrida, jirani yake wa mpaka mmoja, mwanamke ambaye wamezikiana ndugu, akamsogelea sikioni. "Mama Grace, sema mbili. Ni karatasi tu. Tukishapata maji utasema unachotaka, nani atakufuata?"

"Akisema Mugeta kesho barazani kwamba nilikana mwenyewe?"

"Aah, hayo ya kesho. Wewe sema mbili. Nakuomba."

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa anatoka jasho na hakutaka lawama za upande wowote, akafurahi kupata pa kulitupa shauri lile. "Mwenye nyumba yuko hapa," akasema. "Aseme yeye. Mama Boke, ni kaya moja au mbili?"

Watu mia nne na ushee wakamgeukia. Boke aliyaona maji, sitasema hakuyaona. Aliliona bomba pale penye kona ya ua wake. Akawaona na watoto watatu, wakifukuzwa shambani siku atakayokufa, kwa sababu bibi yao alisimama ghalani akasema hawamhusu.

"Andika kwanza," akamwambia Gody.

"Niandike nini, mama?"

"Aliyosema shemeji. Yote. Ng'ombe nane, nyama, nyumba moja. Uandike kwenye muhtasari wa mkutano, na aweke sahihi. Halafu nitajibu."

Hapo Mugeta akagundua alipoingia: nyumba ikiwa moja, shamba si lake. Akatazama nyuma. Nyuma yake walikuwapo wenye ng'ombe wote wa Nyansagati, na wao shamba la Wanzagi haliwahusu hata chembe. "Saini, mzee," wakamwambia. "Saini, tunachelewa." Wakamsukuma mpaka mezani. Akasaini, kalamu ikakwaruza karatasi, na mwenyekiti akagonga muhuri juu yake.

Boke akajinyoosha. "Nyumba ni moja," akasema kwa sauti ya sokoni. "Ya Wanzagi. Niliijenga mimi."

Gody akaweka rula juu ya jina la Ghati, akalikata kwa wino mwekundu. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Ghati, tafadhali toka mstarini." Na Ghati akatoka. Akavuka tena ile sakafu, watu wakimtazama, akarudi kwenye magunia.

Kilichofuata usiniulize sana. Upande wa mlango walipiga miluzi. Apolinary alisema hasaini kitu, matokeo ni yale ya kwanza, atakwenda wilayani, atakwenda hata mkoani. Mwenyekiti alisema matokeo ni ya pili. Wengine wakadai kura irudiwe, wengine wakasema ikirudiwa watakuja na fimbo. Watu wa mradi walifunga mkoba wao taratibu, wakasema wakielewana wenyewe wapige simu. Mpaka leo hawajaelewana. Ukienda Nyansagati kuna watu watakuambia ndiyo ilishinda na wengine watakuambia haikushinda, na hawanunui kwenye duka moja.

Matrida alipita mbele ya Boke. "Umetuuza," akasema. "Watoto wangu watakunywa mikojo kwa ajili ya shamba lako." Ilikuwa kweli, na neno lile lilimuuma Boke kuliko alivyotegemea.

Lakini njiani kurudi nyumbani furaha ilimzidi nguvu. Nakala ya muhtasari ilikuwa kifuani, ndani ya blauzi, na kila baada ya hatua kumi aliigusa. Ghati alikuwa mbele, anatembea haraka, na Boke akawa anaongea na mgongo wake. "Umemwona alivyosaini? Umeisikia kalamu ilivyokwaruza? Sasa akafie mbali! Watoto wamepata kwao, Ghati. Wamepata kwao kabisa."

Ghati alifika uani, akamfungua punda, akamfunga madumu manne. Maji ya jioni yalikuwa hayajachotwa, na ng'ombe walikuwa wameshashushwa lamboni, sauti za wachungaji wakiimba ushindi zilisikika hadi pale.

"Wewe nawe, mbona umenuna?" Boke akauliza. "Ni kwa sababu ya maji? Nitakusaidia kuchota. Nitapanga na watoto."

"Si maji, mama."

"Basi nini? Ulitaka niseme mbili? Niseme wewe ni mpangaji wangu?"

Ghati akakaza kamba ya dumu la mwisho. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Boke alishazoea kumsemea.

"Nisingetaka useme mbili," akasema. "Ungeniuliza, ningekwambia hata mimi sema moja. Watoto ni wangu pia. Tungekosa maji, ningechota, kama ninavyochotaga." Akamgusa punda begani, punda akaanza kutembea. "Nilikuwa nyuma yako hatua mbili tu, mama. Mwenyekiti alikuuliza, ukaandikisha, mzee akasaini, muhuri ukagongwa. Muda wote huo hata shingo hukugeuza."